Nyumba ya marehemu baba Tanga inanimaliza: niiuze au niendelee nayo?

BARUA

Shikamoo mama,

Nakuandikia nikiwa zamu ya usiku, wodi imetulia kidogo. Mimi ni muuguzi, nina miaka 44, naishi Dodoma na wanangu wawili katika nyumba ya kupanga. Jambo langu si la ndoa wala mapenzi. Ni la nyumba, na nakuambia ukweli, limenikondesha kuliko hata ndoa ilipovunjika.

Marehemu baba yetu alikuwa karani bandarini Tanga. Alijenga Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Hati ilitoka mwaka 1981, ya miaka 33, na mpaka leo ipo kwenye kopo la maziwa alimokuwa akiweka karatasi zake. Ni nyumba yetu ile ile ya Kitanga: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani kuna jiko, bafu na choo cha shimo. Baba alipostaafu akajenga fremu ya duka pembeni mwa kibaraza, ili mama asikose hela ya sukari.

Baba alifariki 2017. Mwaka uliofuata kikao cha ukoo kilinipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikanithibitisha. Walisema nimesoma na sina tamaa. Sisi ni Waislamu, tuko wanne, baba mmoja mama mmoja: kaka yetu mkubwa yuko Dar, mimi ni wa pili, mdogo wangu wa kiume yuko Tanga na anakaa humo ndani na mke wake, na kitinda mimba ni msichana, ameolewa Muheza. Tulikubaliana mama akae kwa amani, kodi ya wapangaji iwe yake. Mama naye akatangulia mwaka 2022. Tangu hapo nyumba imekuwa ya wote, na shida zake zimekuwa zangu peke yangu.

Vyumba vinne vina wapangaji, kila kimoja shilingi 35,000 kwa mwezi. Fremu ni 60,000. Chumba cha tano anakaa mdogo wangu. Cha sita yumo mama mmoja mtu mzima aliyekuwa shoga yake mama tangu ujana wao. Tunamwita mama mdogo ingawa si ndugu wa damu. Hajalipa tangu 2019, mama alimwambia asilipe. Ndiye aliyemuuguza mama mpaka siku ya mwisho wakati mimi niko huku Dodoma nauguza wazazi wa watu wengine. Nitamwambia nini?

Mdogo wangu ndiye anayekusanya kodi. Anaendesha bodaboda ya mtu, hesabu yenyewe ya kusukumana. Mwaka jana kwa maelezo yake ilipatikana 1,310,000, kwa sababu wa fremu alisuasua na chumba kimoja kilikaa tupu miezi minne. Kwangu zilifika 610,000. Nyingine anasema zimeingia kwenye matumizi ya nyumba. Nikiuliza matumizi gani, simu inakatika.

Sasa sikia nilizotoa mimi. Masika mpangaji alinipigia saa nane usiku: dada, mvua inaingia, watoto nimewapandisha juu ya meza. Bati na mbao 640,000, nilikopa SACCOS ya kazini na bado nakatwa. Shimo la choo lilijaa mara mbili, jirani akamwita bwana afya, gari la kunyonya 180,000. Deni la maji lililoachwa na mpangaji aliyehama usiku 145,000. Nyaya za umeme zilizokuwa zinatoa cheche 95,000. Nimekwenda Tanga mara tatu kusuluhisha ugomvi wa LUKU, kwa sababu mita ni moja na kuna mpangaji anapikia jiko la umeme, kila safari si chini ya 120,000. Jumla ni 1,420,000. Mwanangu wa kwanza alirudishwa shule kwa ada mwezi huo huo wa bati.

Mwezi uliopita amejitokeza mfanyabiashara wa nafaka. Anatoa milioni 48 taslimu, na anataka tumalize ndani ya mwezi mmoja. Kaka wa Dar kwanza alisema tuuze hata kesho. Wiki iliyopita amegeuka, anasema tusubiri, bomba la mafuta la kutoka Uganda linaishia Tanga, bei zitapaa. Kitinda mimba anasema mtakaloamua nipo. Mdogo wangu ameninunia. Aliniambia: mkiuza mnanitupa barabarani, na mjue baba aliusia nyumba isiuzwe. Kweli baba alisema. Alikuwa kitandani, akasema, nyumba hii msiiuze, muwe na pa kufikia.

Rafiki yangu anayefanya kazi kwa wakili anasema mimi kama msimamizi naweza kusaini peke yangu, wengine watapokea chao. Usiku mwingine nataka nisaini nilale. Usiku mwingine namwona baba kibarazani na gazeti lake, naona aibu. Nifanye nini mama yangu?

Mtoto wa karani, Dodoma

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole na zamu, pole na deni la SACCOS, na pole zaidi kwa hilo ulilolisema kwa maneno machache, la kuwauguza wazazi wa wengine wakati wako anauguzwa na shoga yake. Nimeliona. Nitalirudia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili kalamu ilisimama kwenye mstari ambao nadhani wewe mwenyewe umeupita haraka. Umesema hati ilitoka 1981, ya miaka 33. Hebu jumlisha. Hati hiyo ilikwisha muda wake mwaka 2014, baba yako akiwa hai. Inawezekana aliihuisha na karatasi mpya ziko mahali pengine, lakini wewe hukuzitaja, na kopo la maziwa unalijua vizuri. Kwa hiyo kabla ya kuuza, kabla ya kugombana na mdogo wako, kabla hata ya kumjibu huyo mwenye nafaka, nenda ofisi ya ardhi ya Jiji la Tanga na nakala ya hati na barua yako ya usimamizi, uombe waangalie jalada la kiwanja hicho. Uliza mambo mawili tu: hati iko hai au imekwisha, na pango la ardhi linadaiwa kiasi gani.

Nasema pango la ardhi, usilichanganye na kodi ya majengo. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, na kwa nyumba ya kawaida kama yenu ni 1,500 kila mwezi. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kununua umeme wapangaji wanalalamika kuwa yuniti zimekuwa chache, na kwa hakika hilo ni deni la mwenye nyumba, si lao. Pango la ardhi ni jingine. Linalipwa kila mwaka kwa sababu ardhi tunamilikishwa na serikali kwa muda, na hakuna mita inayolikata. Nyumba nyingi za marehemu zinakuwa na malimbikizo ya miaka kwa sababu aliyekuwa akikumbuka kulipa ni marehemu mwenyewe.

Usiogope nikisema hati imekwisha. Nyumba haijapotea. Anayekalia kiwanja na kukitunza huomba kumilikishwa upya, na kwa kawaida ndiye anayefikiriwa kwanza. Lakini kuuza nyumba ya hati iliyokwisha, jina la marehemu, malimbikizo juu, ndani ya mwezi mmoja, kwa fedha taslimu, ni kuuza kwa bei ya mtu aliyebanwa. Simjui huyo mfanyabiashara na sitaki kumsingizia. Ila mnunuzi mwenye haraka namna hiyo huwa ameshapita ofisi ya ardhi kuuliza. Anaweza kuwa anajua kuhusu kiwanja chenu zaidi yenu. Mwambie asubiri. Kama anakitaka kweli atasubiri.

Sasa huyo rafiki yako wa kwa wakili. Ni kweli msimamizi ana mamlaka ya kusaini. Lakini mamlaka hayo umepewa kwa niaba ya warithi, na utatoa hesabu. Wewe ulithibitishwa 2018. Je, uliwahi kurudisha mahakamani ile fomu namba 5, ya orodha ya mali na madeni, ambayo hutakiwa ndani ya miezi minne? Na fomu namba 6, ya hesabu na mgawanyo? Nahisi hapana, kwa sababu mlikubaliana mama akae, na mkaona aibu kugawa nyumba mama yumo. Uamuzi ule ulikuwa wa heshima, siulaumu hata kidogo. Ila matokeo yake mirathi imebaki wazi miaka yote hii, na ukisaini leo peke yako, mdogo wako anaweza kesho kutwa kwenda Mahakama ya Mwanzo iliyokuteua akasema dada ameuza bila sisi kujua. Atasikilizwa. Mnunuzi ataingia hofu, fedha zitakwama, na nyinyi wanne mtakutana kwenye benchi la mahakama badala ya mezani. Nimeona koo zilizofika hapo, na hazikurudi zilivyokuwa hata baada ya hukumu.

Ninyi ni Waislamu, kwa hiyo mafungu yenu yanajulikana. Baba alipofariki, mama alikuwa na thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kilichobaki chenu, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Mama naye alipotangulia, ile thumni yake ikarudi kwenu wanne kwa mpango huo huo, maadamu wazazi wake hawakuwa hai na hakuacha mrithi mwingine. Ukizikusanya, nyumba nzima ni mafungu sita: kaka mawili, mdogo wako mawili, wewe moja, kitinda mimba moja. Karani wa mahakama atakueleza kama mirathi ya mama inahitaji kufunguliwa yenyewe, kwa sababu alifariki kabla hajakabidhiwa chake.

Tazama hesabu hiyo vizuri mwanangu, maana ndiyo itakayokuondolea kelele nyingi. Wewe unabeba nyumba nzima kwa fungu moja kati ya sita. Mdogo wako unayemwona kama mpangaji asiyelipa, theluthi ya nyumba ni yake.

Nimejaribu kupiga hesabu ya nyumba ikienda vizuri, siyo kama mwaka jana. Vyumba vinne na fremu, vyote vimejaa, vyote vinalipa, ni 200,000 kwa mwezi, 2,400,000 kwa mwaka. Toa kodi ya mapato ya kupangisha ambayo TRA, mamlaka ya mapato, inaitaka, asilimia 10, yaani 240,000. Toa kodi ya majengo 18,000. Matengenezo ya nyumba yenye umri wa miaka zaidi ya 40 hayawezi kupungua 600,000, na usiniambie mwaka huu bati limekwisha, mwakani utaitwa kwa sababu ya mbao au ukuta wa choo. Gari la kunyonya, 180,000. Safari yako moja ya kukagua, 120,000. Mtu wa kusimamia, awe mdogo wako au mwingine, mpe asilimia 10, 240,000. Inabaki milioni moja na elfu mbili. Gawa kwa sita. Fungu lako ni 167,000 kwa mwaka, hazifiki 14,000 kwa mwezi, na pango la ardhi bado hatujalitoa.

Weka hata vyumba vyote sita vinalipa, yaani mdogo wako analipa na mama mdogo ametolewa. Kwa hesabu yangu fungu lako linafika kama 23,000 kwa mwezi. Ndizo hizo. Kwa hizo unaamshwa saa nane usiku, na mwanao anarudishwa ada.

Kwa hiyo jibu langu la moyoni ni hili: uzeni. Lakini si mwezi huu, si kwa kusaini peke yako, na si kabla mdogo wako hajaulizwa swali ambalo naona hakuna aliyemuuliza.

Swali lenyewe ni kama anaitaka. Yeye ana mafungu mawili tayari. Kama angeweza kuwalipa wengine mafungu manne yaliyobaki, hata kwa miaka kadhaa, kwa mkataba ulioandikwa na kupitishwa mahakamani, nyumba ingebaki na jina la baba na wewe ungetoka. Kwa bei ya milioni 48 ni milioni 32 anazotakiwa kuwalipa. Mwendesha bodaboda ya mtu hawezi, najua, na sitaki mumtwike deni hilo kwa kumhurumia. Lakini muulizeni. Kaka wa Dar naye muulizeni, yeye anayetaka kusubiri bomba. Kama anaamini bei itapaa, anunue mafungu yenu leo, faida ya kesho iwe halali yake. Akikataa kuweka hela yake, basi ushauri wa kusubiri anautoa kwa gharama yako wewe.

Hilo bomba, kwa ufupi. Ni kweli linatoka Hoima kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, na Tanga imeanza kuchangamka, bandari nayo imetanuliwa. Kiwanja cha Ngamiani kinaweza kupanda bei. Lakini wanaolipwa vizuri huko hawatapanga chumba chenye choo cha shimo uani. Kitakachopanda ni ardhi, na ardhi yenu kwa sasa hati yake ina mashaka. Mwaka mmoja wa kuhuisha hati na kufunga mirathi utakuwa umewaongezea thamani kuliko kuketi tu mkisubiri.

Turudi kwa mdogo wako, maana hapa ndipo moyo wa jambo ulipo. Umenikasirikia kidogo niliposema theluthi ni yake? Vumilia. Mwaka jana alipokea 1,310,000, akakupa 610,000, akabaki na 700,000. Kwa mafungu, katika fedha hizo fungu lake lilikuwa kama 437,000 hata kabla ya matumizi. Kwa hiyo amekula vya wenzake, na amekaa bure chumba cha 35,000. Hilo ni kosa na lazima asikie kutoka kwako kwamba ni kosa. Lakini na wewe mwanangu umemzoesha. Kila shimo likijaa anajua dada atatuma. Kila bati likivuja dada atakopa. Hujawahi kumtumia daftari, umemtumia hela. Mtu ambaye hajawahi kuambiwa hiki chako na hiki si chako, mwishoni haoni mpaka.

Nunua daftari la kaunta. Ukurasa wa kwanza andika mafungu sita na majina. Ukurasa wa pili andika ile 1,420,000 yako yote, na risiti ulizonazo zibandike. Fedha za kutunza mali ya marehemu ni deni la mirathi, hutolewa kwanza kabla ya kugawa. Si sadaka uliyotoa, na usikubali mtu akuambie umejitolea. Ukurasa wa tatu andika kodi zilizopokelewa. Kisha nenda Tanga ukae naye uani, ninyi wawili tu, kabla ya kikao. Usiende na kaka. Mdogo wa kiume akisemwa na kaka yake mbele ya mke wake hatasikia chochote. Mwonyeshe daftari. Mwambie pia hili: katika milioni 48, zake ni 16, mara mbili ya zako. Nadhani hajui. Nadhani anaamini nyumba ikiuzwa anabaki na begi. Kwa fedha hizo, hata zikipungua kwa gharama, anaweza kutafuta kiwanja pembeni ya mji, upande wa Pongwe au Mabokweni, akaanzisha vyumba viwili na akanunua pikipiki yake mwenyewe, aache kupeleka hesabu kwa mtu. Mkubaliane kwamba mnunuzi yeyote atampa miezi mitatu ya kuhama, iandikwe kwenye mkataba wa mauzo. Hapo hakuna aliyemtupa barabarani.

Katika zile 700,000, ushauri wangu ni umdai mbele ya kikao na umsamehe sehemu mbele ya kikao hicho hicho. Ukimsamehe kimya kimya, hatajua kuwa amesamehewa.

Mama mdogo. Niliahidi nitarudi.

Kisheria hana mkataba wa maandishi wala fungu katika mirathi, na huyo rafiki yako atakuambia umpe notisi uendelee na mambo yako. Mimi sitakuambia hivyo. Yule mama amelipa kodi yake kwa mikono yake, kwa kumgeuza mama yenu kitandani na kumwogesha. Mnayo aya ya 8 katika Surat An-Nisaa, kabla tu ya zile za mafungu, inayosema wakati wa kugawa wakihudhuria jamaa, mayatima na masikini, wapeni kitu humo na mseme nao maneno mazuri. Kitu hicho kitoke katika fedha za wote kwa ridhaa ya wote, kabla ya kugawa. Mimi ningesema kodi ya miaka miwili ya chumba kizuri, chenye choo cha ndani na kisicho na ngazi, hapo hapo Ngamiani asitengwe na msikiti wake na majirani zake. Kwa bei za kwenu ni kama milioni moja. Wanne mkichangia kwa mafungu, wewe utatoa kama 167,000. Ndiyo faida yako ya nyumba ya mwaka mzima, ile tuliyoipigia hesabu juu, na sidhani kuna mahali ungependa iende kuliko hapo. Ana watoto? Hukusema. Kama anao, waiteni, wasikie kwenu kabla hawajasikia mtaani. Na neno la kuuza alisikie kwako, kwa mdomo wako, umeketi kwenye kitanda chake. Umeuliza utamwambia nini. Anza kwa kumshukuru kwa yale ya 2022, maana kwa jinsi ulivyoandika nahisi hujawahi kumshukuru kwa sauti, kwa sababu ya aibu. Mengine yatafuata yenyewe.

Maneno ya baba sasa, hayo yanayokunyima usingizi. Nakuuliza kwanza jambo moja la kisheria: je, alitamka kuwa nyumba ni wakfu? Aliandika mahali, alimwambia shehe, alishuhudiza watu? Kama ndiyo, simama, hapo mambo ni mengine kabisa, wakfu hauuzwi wala haurithiwi, na mnatakiwa mwende kwa wajuzi. Kama hapana, na alichosema ni msiiuze muwe na pa kufikia, basi hilo ni ombi la mzazi. Wasia katika sheria yenu hauzidi theluthi ya mali, na hauwezi kumzuia mrithi asitumie fungu alilopewa na Mungu. Hamtakuwa mmevunja wasia.

Lakini najua swali lako si la kisheria. Sikiliza alichosema: muwe na pa kufikia. Wewe leo ukienda Tanga unafikia wapi? Vyumba sita vimejaa, bila shaka unalala kwa jamaa au kwenye mkeka wa mama mdogo. Na Dodoma unalipa kodi kwa mwenye nyumba mwingine. Fungu lako la milioni 8, au zaidi kama mtauza kwa utulivu, linaweza kuwa kiwanja kilichopimwa huko huko Dodoma kwa jina lako, na ukitoka kwenye deni la SACCOS ukaanza msingi. Hapo wajukuu wa karani watakuwa na pa kufikia.

Mkishakubaliana kuuza, taratibu fanyeni hivi. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa awaambie thamani, si dalali na si mnunuzi. Wote wanne msaini muhtasari wa kikao, hata kitinda mimba anayesema nipo kwa lolote, asaini na picha yake. Wakili aandike mkataba, awe wenu, asiwe wa mnunuzi. Fedha zipite benki, kwenye akaunti ya mirathi, usikubali mfuko wa noti hata ukiambiwa ni za haraka. TRA itataka kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida. Kwa kuwa hamna risiti za mchanga wa mwaka 1981, ulizeni ule utaratibu wa tangu 2023 wa asiye na kumbukumbu za gharama, ambao ni asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, mara nyingi analipa mnunuzi, ila andikeni nani analipa. Wapangaji wapeni notisi kwa maandishi, na wa fremu alipe anachodaiwa kabla hajatoka. Mtu asing'oe mlango wala kukata umeme ili wahame haraka. Mkishagawana, rudisha fomu mahakamani, omba mirathi ifungwe, jina lako litoke. Hapo ndipo utalala.

Na mpaka siku hiyo ifike, acha kutuma hela. Shimo likijaa, litolewe kwenye kodi ya mwezi huo. Kama kodi haitoshi, warithi wanne wachange kwa mafungu, kaka wa Dar kwanza. Mpangaji akikupigia saa nane usiku, mpe namba ya kaka yako.

Anza na mdogo wako. Mpigie wiki hii, usimtaje mnunuzi. Mwambie unakuja Tanga kuangalia hati ya baba pale Jiji, na ungependa mwende pamoja.